Bomba Lililoziba

Mwezi wa tano, theluji imebaki mitaroni tu,
Orest alishusha magunia mawili kwenye lori
akayapiga makofi kama mtu anayenunua ng'ombe:
"Hili naitrojeni. Hili fosforasi. Mwaka huu
kitani kitanitambua."

Mimi ndiye dereva wa lori. Nikamwambia, kitani si ngano.
Ngano ukiilisha inashukuru.
Kitani ni mgeni mwenye tumbo dogo,
ukimjazia sahani anaugua mezani pako.
Akacheka. Mume wangu husikia vizuri
kuanzia kesho yake.

Mbegu yenyewe inateleza, ya kahawia,
inang'aa kama jicho la panya;
ukitia mkono guniani unazama hadi kiwiko,
kama umeutia majini.
Mbegu ya namna hii haitaki kulala na chumvi.
Mbolea iwekwe kando, inchi mbili, chini kidogo,
mzizi uifuate wenyewe, kwa njaa yake.
Orest akaunganisha mabomba mawili, mfereji mmoja,
akapanda mpaka giza likamtoa shambani.

Wiki tatu baadaye nilipiga magoti nikahesabu miche,
na fremu ya waya aliyonikunjia jirani yetu Ludvik.
Kwenye ukanda wa mbolea kidogo: mia moja na kumi.
Kwenye ukanda wa nyingi: arobaini na mmoja,
huyo mmoja nilimhesabu kwa huruma.
Na humo humo kwenye nyingi,
mstari mmoja wa kijani, umejaa, umenyooka,
kama mshono ambao fundi hakuukusudia.

Bomba la mbolea lilikuwa limeziba.
Panya alijenga humo majira ya baridi:
manyoya, makapi, nyuzi nyekundu za skafu yangu.

Nilitamani shairi liishie hapo, panya ameshinda.
Lakini ilipofika Julai ule mstari ulianza kupauka,
majani ya chini yakawa ya manjano,
ukasimama mwembamba kama mtoto aliyekosa chakula cha jioni
akajidai ameshiba.

Na wale arobaini, sasa wana nafasi na wana naitrojeni,
wakarefuka, wakatanuka, kijani cha kujionyesha.
Asubuhi shamba zima buluu;
saa sita mchana petali ziko chini,
kesho nyingine. Orest akasimama mlangoni na kahawa yake:
"Unaona?"
Niliona.

Tarehe tisa Agosti mvua ya mawe ilipita kusini mwetu,
ikatuachia upepo tu. Upepo ulitosha.
Warefu walilala, hawakuamka.
Wakaanza kutoa maua upya wakiwa wamelala,
Septemba! wenzao wameshakuwa hudhurungi,
vifuko vinatikisika kama njuga,
wao bado wanachanua, mpaka umande ukaganda juu yao.

Kuna pembe pia sijaisema, upande wa kisima,
ambako mwaka uliopita tulipanda kanola.
Pale fosforasi ilitiwa sawasawa na kitani kikadumaa.
Ludvik anasema chini kuna kuvu, nyuzi nyembamba kuliko nywele,
ndizo zinazokipelekea kitani chakula chake,
na kanola haifanyi urafiki nazo; zikafa njaa.
Kumbe udongo hukumbuka
nani alilala kitandani kabla yako.

Kombaini ilihesabu, mimi niliandika mgongoni mwa bahasha ya benki:
mbolea kidogo, busheli ishirini na nane kwa ekari.
Nyingi, kumi na saba, na unyevu juu yake.
Mstari wa panya nilivuna kwa mundu, nikapima kwa mizani ya jikoni,
nikapiga hesabu: ishirini na moja.

Orest alisoma bahasha mara mbili.
Hakusema kitu. Akatoka na kiberiti kuchoma mabua,
maana mabua ya kitani hayaozi, yanasubiri tu.
Aliporudi ananuka moshi, akaniuliza, mgongo umenigeukia,
"Ratili ngapi, kwa maoni yako, masika ijayo?"

Kile kiota bado kipo kwenye dashibodi ya trekta.
Skafu sikuidai.